Saa Iliyofichwa Mwambani: Fizikia na Ukokotoaji kutoka Olduvai hadi Eyasi

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona meno na kipande cha fuvu vikichungulia kwenye mteremko wa Korongo la Olduvai, ndani ya eneo ambalo mwaka huohuo lilitengwa kuwa Hifadhi ya Ngorongoro. Fuvu hilo lilipewa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki. Umri wake ulikisiwa tu. Mumewe, Louis Leakey, alitazama matabaka ya udongo na mifupa ya wanyama waliotoweka, akataja miaka 600,000 hivi. Hayo yalikuwa makisio ya mtu mzoefu, lakini umri wa kweli ulikuwa karibu mara tatu yake. Kilichouweka wazi ni fizikia ikisaidiwa na hesabu, na tangu hapo viwili hivyo havijaachana katika ardhi ya Ngorongoro na Karatu.

Olduvai lilibahatika kwa majirani. Upande wa mashariki imesimama milima ya volkano ya Ngorongoro, ambayo kwa nyakati mbalimbali ilimwaga lava na majivu juu ya bonde lililokuwa na ziwa. Majivu yaligandamana yakawa matabaka ya mwamba, na kati ya matabaka hayo vilizikwa zana za mawe na mifupa. Ndani ya majivu mna fuwele ndogo zenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni potasiamu-40, ambayo huoza polepole. Ikioza, sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Joto la volkano hufukuza agoni iliyokuwamo. Fuwele ikipoa, gesi mpya hunaswa ndani na saa huanza kuhesabu.

Tatizo ni udogo wa kinachohesabiwa. Nusu ya potasiamu-40 huchukua takriban miaka bilioni 1.25 kuoza. Kwa mwamba wa miaka milioni 1.8, katika kila atomi 10,000 za potasiamu-40 zilizokuwapo mwanzoni, zilizokwisha kuoza ni kama 10 tu. Kati ya hizo 10, tisa zimekuwa kalisi, na moja peke yake ndiyo iliyogeuka agoni. Atomi hiyo moja ndiyo ushahidi wote. Tena hewa tunayovuta ina agoni ya aina ileile, karibu asilimia moja, kwa hiyo chembe ya hewa iliyojipenyeza kwenye sampuli huweza kuongeza umri wa uongo. Inabidi agoni ya hewa ipimwe kwa kutazama isotopi yake nyingine, agoni-36, kisha itolewe kwa hesabu.

Kazi hiyo iliwezekana baada ya John Reynolds, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, kuunda katika miaka ya 1950 mashine ya kutenganisha atomi kwa uzito wake iliyoweza kupima gesi kidogo mno. Wenzake wa chuo hichohicho, Jack Evernden na Garniss Curtis, walipima sampuli za tabaka la chini la Olduvai, na mwaka 1961 wakatangaza pamoja na Louis Leakey kwamba lina miaka milioni 1.75. Wengi hawakuamini. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa sababu fuwele chache kongwe zikichanganyika na majivu mapya huharibu wastani mzima. Mwaka 1965 watafiti wengine walitumia njia isiyohusiana na agoni, ya kuhesabu mikwaruzo inayoachwa na atomi za urani zinapopasuka ndani ya kioo cha volkano. Walipata miaka milioni 2 hivi, na kwa kuwa kipimo chao kilikuwa na nafasi pana ya makosa, majibu mawili yalikubaliana.

Lava ya Olduvai ilitoa jambo jingine. Lava inapopoa, madini ya chuma yaliyomo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walionyesha kwamba lava hiyo ilipoa wakati sumaku ikielekea kama leo, ingawa zama zile kwa jumla sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka kaskazini kuwa kusini. Kipindi hicho kifupi, cha takriban miaka milioni 1.95 hadi 1.77 iliyopita, kinaitwa Olduvai katika vitabu vya jiolojia duniani kote, hata na wanaochimba sakafu ya bahari ya mbali. Jina lenyewe ni matamshi yaliyokosewa ya neno la Kimaasai oldupai, yaani mkonge pori unaoota kandokando ya korongo.

Hapa nchini, mwaka 1961, uleule umri wa Olduvai ulipotangazwa, ndipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa, kikianza na sheria. Masomo ya sayansi yalifuata mwaka 1965. Kuenea kwa kompyuta kulichelewa zaidi, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hayo yalikuja wakati mbaya. Miaka ileile, huko nje, upimaji wa miamba ulikuwa unahama kutoka kwenye kalamu na karatasi kwenda kwenye programu za kompyuta.

Njia mpya ya kupima agoni ilizihitaji programu hizo. Fuwele hupigwa nyutroni kwenye kinu cha nyuklia ili sehemu ya potasiamu yake igeuke agoni-39, kisha fuwele huyeyushwa moja baada ya nyingine kwa leza. Isotopi kadhaa hupimwa kwa pamoja, na kila kipimo kina masahihisho yake. Faida ni kubwa: fuwele kongwe iliyojichanganya huonekana peke yake na huondolewa. Mwaka 1991 matokeo ya namna hiyo kuhusu Olduvai yalichapishwa, na miongoni mwa waandishi alikuwamo Mtanzania Paul Manega, ambaye baadaye alichunguza kwa mapana umri wa volkano za Ngorongoro. Anastahili kutajwa darasani mara nyingi kuliko anavyotajwa. Vipimo vilivyofuata vimeliweka fuvu la Zinjanthropus kwenye miaka milioni 1.84 hivi.

Huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, majivu ya miaka milioni 3.66 yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea wima, zilizogunduliwa mwaka 1978. Mwaka 2016 timu ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, ilitangaza nyayo nyingine karibu na hapo. Hapa kompyuta ilifanya kazi ya jicho na kipimo: programu ililinganisha picha nyingi za unyayo mmoja, ikatafuta nukta zinazofanana, ikakokotoa umbo lake lenye kina. Kutokana na urefu wa nyayo ilikadiriwa kuwa mmoja wa watembezi alikuwa na kimo cha sentimita 165 hivi.

Upande wa Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, lipo pango la Mumba lililochimbwa na Ludwig na Margit Kohl-Larsen katika miaka ya 1930. Agoni haifai sana hapo, maana kinachopimwa ni mchanga. Chembe ya mchanga iliyozikwa hukusanya nishati kutoka kwenye mionzi hafifu ya udongo, na chembe ikipata mwanga wa jua, nishati hiyo hufutika haraka. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa bila kuonyeshwa mwanga, na maabara huwa na taa nyekundu hafifu. Kila chembe huangazwa, mng'ao wake hupimwa, kisha ukokotoaji wa takwimu hutenga chembe zilizofutwa vizuri na zile zilizozikwa kabla ya kuliona jua la kutosha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliliweka tabaka la tano la Mumba, lenye zana ndogo za mawe na shanga za ganda la yai la mbuni, kati ya miaka 57,000 na 49,000 hivi iliyopita.