Pujini: Tarehe ya Ngome Iliyojengwa kwa Shuruti

Kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, mwendo wa kilomita kama 10, yamesimama magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15 ambayo wataalamu wa mambo ya kale hawajaona mfano wake wa zama zile katika pwani yote ya Waswahili. Miji mingine ya kale ilijulikana kwa misikiti yake, makaburi ya mnara na majumba ya matajiri. Pujini ilijulikana kwa boma. Ukuta wa mawe na udongo uliizunguka, na upande wa bahari ulikuwepo mfereji wa kuviingizia vyombo karibu na ngome, mahali ambapo leo mikoko imetamalaki. Ndani yake kuna mabaki ya makao ya mtawala, kisima chenye ngazi, na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi ambacho ukutani kimetiwa umbo la siwa kwa lipu ya chokaa. Siwa ni pembe ya enzi, haipulizwi na kila mtu. Aliyeiweka pale chini gizani alitaka ijulikane kwamba pahala hapo pana mwenyewe, juu ya ardhi na chini yake.

Mwenyewe huyo, kwa masimulizi ya Wapemba, ni Muhammad bin Abdulrahman, mkuu wa Wadiba, ambaye watu walimpa lakabu ya Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakama wanaume. Husimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe vichwani na kuwaamuru waende wakijiburura kwa makalio mpaka kwenye ukuta, na kwamba kisima chake kilitiwa kizuizi katikati ili wake zake wawili wasikutane wakati wa kuteka maji. Kuhusu asili ya Wadiba pana kauli nyingi: wengine huwataja kuwa Washirazi, na wapo wanahistoria waliowahusisha na visiwa vya Maldivi. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno waliivamia Pemba, enzi za watawala wa kale zikadhoofika, na Pujini ikabaki bila bwana. Mwaka 1920 Francis Pearce, Balozi Mkaazi wa Kiingereza Zanzibar, aliyaeleza magofu haya katika kitabu chake juu ya Zanzibar. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 yalichimbwa na mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, na kazi hiyo ndiyo iliyotupa picha ya ngome iliyokusudiwa kuonyesha nguvu za mtawala kwa raia wake na kwa majirani, si kujikinga na adui wa baharini tu.

Hapa msomaji makini atauliza: je, tuyaamini masimulizi ya kujiburura kwa makalio? Hadithi za watawala wadhalimu hukua kadiri zinavyosimuliwa, na mara nyingi hutungwa na waliokuja baada yao wakitafuta kuhalalisha utawala mpya. Nakubali. Hakuna jiwe la Pujini litakalotuambia aliyelibeba alibeba vipi. Lakini hoja yangu haiegemei makalio ya wale watu. Inaegemea mambo mawili yasiyo na ubishi. La kwanza, ngome hii ilikuwa ya mtu na jamaa zake, na kuta zake zilijengwa ili wengi wabaki nje. La pili, kwa zaidi ya miaka 400 kumbukumbu ya Wapemba imelihifadhi jina la mjenzi kama jina la mkamuaji. Hata ikiwa kila kisa kimetiwa chumvi, hukumu yenyewe ni ushahidi: watu walioishi kando ya kuta hizi hawakuziona kuwa zao. Bwana alipoondoka, hakukuwa na aliyejiona na wajibu wa kupandisha jiwe lililoanguka. Ndiyo maana nasema kwamba jengo la kale huhifadhiwa na wale wenye fungu ndani yake, na lisilo na wenye fungu halisalimiki kwa unene wa kuta.

Tuupime msemo huo kwa kuvuka mkondo hadi Unguja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ni mkongwe kuliko Pujini kwa zaidi ya miaka 300, na ulijengwa kwa vitu vilevile, mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti huo ulijengwa upya katika karne ya 18 na mpaka leo unasaliwa. Tofauti yake na Pujini haiko katika mawe. Iko katika desturi ambayo Waswahili waliijua kabla ya kuwepo ofisi yoyote ya mambo ya kale: kila kizazi kina zamu yake ya kuezeka, kupaka chokaa na kufagia. Desturi hiyo ilipewa nguvu ya sheria kwa njia ya wakfu, ambapo mtu huifunga minazi yake, shamba lake au nyumba yake ili pato liendeshe msikiti, kisima au madrasa baada ya yeye kufa. Hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Ukamuaji na wakfu vyote viwili huchukua mali ya watu na kuipeleka kwenye jengo, ila wakfu hutolewa kwa ridhaa, na mtoaji hujua jengo litakuwa la nani.

Atakayepinga atanikumbusha Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, au Chwaka ya kaskazini mwa Pemba. Kule palikuwa na misikiti ya ijumaa, palisaliwa na jamii nzima, na bado leo ni magofu. Pingamizi hili ni la haki, na linanilazimu nieleze msemo wangu vizuri zaidi. Ridhaa ya jamii hailipi jengo umri wa milele. Inalilinda maadamu jamii ipo. Miji ile ilihamwa, na msikiti uliokosa waumini hauna wa kuupaka chokaa. Lakini tazama kilichotokea Pujini: wakulima waliendelea kuishi na kulima jirani na ngome, na ngome ikaanguka watu wakiwa papo hapo. Ras Mkumbuu ilipoteza watu wake. Pujini ilikuwa na watu, lakini haikuwahi kuwa ya watu. Dawa ya Ras Mkumbuu ni ngumu, kwa kuwa walioondoka hawarudi. Dawa ya Pujini ipo mlangoni.

Jambo hili si la Waislamu wala Waswahili peke yao, na ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka mbali, katika majengo ya Wabudha yaitwayo stupa. Stupa ni kuba zito la matofali au mawe, lililojengwa juu ya masalia ya watu watakatifu, ambalo waumini hulizunguka kwa miguu wakiomba. Stupa kuu ya Sanchi, India ya kati, ilianzishwa zama za mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Miladia, lakini mapambo na malango yake ya mawe yaliyofuata yana mamia ya maandishi ya watu waliochangia: watawa, akina mama, wafanyabiashara, na hata chama cha mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Mfalme alianzisha, wachangiaji wakaendeleza. Huko Nepal, tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 lilivunja sehemu ya juu ya stupa ya Boudhanath mjini Kathmandu. Kwa michango ya waumini na kazi ya kujitolea, pamoja na dhahabu zaidi ya kilo 30, ilifunguliwa tena Novemba 2016, wakati majengo mengi ya kale ya nchi hiyo yalikuwa bado yamelala chini. Maldivi, ambako baadhi ya wanahistoria walidhani ndiko asili ya Wadiba, inaonyesha upande wa pili. Visiwa vile vilikuwa vya Kibudha hadi watawala wake waliposilimu mwaka 1153. Baada ya hapo stupa zilikosa wenyewe, zikawa vichuguu vya mawe katikati ya minazi, na mawe yake yakachukuliwa kwa ujenzi mwingine. Na hapa kwetu, Upanga jijini Dar es Salaam, lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa karibu na mwaka 1920 na Wasinhala waliokuja Tanganyika kufanya kazi. Ni jamii ndogo kupita kiasi, lakini hekalu limepita karne moja kwa sababu jamii hiyo imelihesabu kuwa lake.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa mafundi na wataalamu. Watasema kwamba ukiwaachia wanakijiji gofu la karne ya 15, watalitia saruji, nao ukweli wa mambo uko upande wao. Saruji ni ngumu kuliko mawe ya matumbawe na haipumui. Unyevunyevu na chumvi hukwama nyuma yake, na baada ya miaka michache jiwe lenyewe humomonyoka. Kuta kama hizi zinataka chokaa iliyochomwa tanuuni, ikalowekwa na kuiva kwa muda mrefu, na jicho la anayejua jiwe gani liguswe na lipi liachwe. Lakini utaalamu wa kuelekeza kazi si umiliki wa kazi. Beit al Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lipo katikati ya Mji Mkongwe ulio katika orodha ya urithi wa dunia, limezungukwa na ofisi na wataalamu, na bado sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 likiwa katika matengenezo. Kilwa Kisiwani kinafundisha njia nyingine. Magofu yake yaliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ambayo wenyeji waliishiriki pamoja na wataalamu, wakijenga kuta na kuulinda ufukwe usiliwe na bahari. Fundi mkuu alijua chokaa, na wenyeji walijua mvua, mawimbi na njia za mbuzi.

Linabaki pingamizi ambalo mimi naliogopa kuliko yote. Ukiwaambia watu wa Pujini wajitolee kubeba mawe ya Mkama Ndume bila malipo, hujamrudisha Mkama Ndume kwa jina jipya? Ujima ni neno tamu, lakini limewahi kutumika kufunika shuruti. Mkulima wa mpunga na muhogo, ambaye msimu wa karafuu humtaka mtini kutwa nzima, hana deni kwa ngome iliyowakamua wazee wake. Kwa hiyo masharti ni lazima yawe wazi. Kazi ya kifundi ilipwe. Sehemu ya kiingilio cha wageni ibaki shehiani, kwa visima na madrasa, na hesabu isomwe mbele ya watu. Sheha na wazee wawe na sauti kabla mpango haujapitishwa, si siku ya uzinduzi. Vijana wafundishwe kuchoma chokaa na kuaka kuta, maana ufundi huo unapotea hata katika misikiti yao. Kinachotolewa bure kiwe kile ambacho jamii imeamua yenyewe kukitoa, kama mtu anavyotoa wakfu.

Na kwa anayeuliza kwa nini tumhifadhie dhalimu kumbukumbu, au anayeona uzito wa dini kwa sababu ya chumba kile cha chini ambacho watu wanakihusisha na pepo, jibu ni moja. Kulinda gofu si kuabudu kilichokuwa ndani yake. Ukilifuta boma la Mkama Ndume, hutamfuta yeye pekee, kwani jina lake litabaki midomoni. Utawafuta waliobeba mawe, ambao hawakuacha jina, kaburi wala hati. Kazi ya mikono yao ndiyo maandishi pekee waliyotuachia, na wajukuu zao ndio wenye haki ya kwanza ya kuyasoma.

Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ya Zanzibar ipo tangu mwaka 1948, na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale inaijua Pujini vizuri. Kinachokosekana ni makubaliano ya maandishi kati ya Idara na shehia, yanayotaja nani anafanya nini, analipwa nini na anapata fungu gani. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya mradi wowote wa kujenga upya ukuta hata mmoja. Jengo lililoinuliwa bila kuwauliza watu wa Pujini limeshaanguka mara moja, na hatuna haki ya kuwajengea lingine kwa namna ileile.