Safu ya Lugha: Mkwaruzo

Koo likikauka kwa mafua, sauti hukwaruza. Kitenzi hicho kinalifaa pia gitaa la muziki wa metali, na nomino yake, mkwaruzo, ni bora kuliko "upotoshaji", neno linalofanya ufundi uonekane kosa.

Mkwaruzo huzaliwa pale mawimbi ya sauti yanapozidi uwezo wa saketi, vilele vyake vikakatwa. Jambo hilo halidai mitambo ya gharama. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana koni ya spika kwa wembe, akaupata mkwaruzo.

Stockholm ina mfano mtamu zaidi. Entombed, bendi ya huko, walirekodi Left Hand Path, albamu ya 1990, katika studio ya Sunlight wakitumia pedali ya Boss HM-2. Pedali hiyo ina vitufe vinne tu vya kuzungusha, nao wakavifungua vyote hadi mwisho! Gitaa likanguruma kama msumeno wa mota, na bendi nyingi za Sweden zikafuata.

Leo mashine za kidijitali huiga makumi ya amplifaya, na kwa wanaosafiri na maonyesho ni nafuu kubwa. Hata hivyo msumeno ule bado unatafutwa: Boss, waliokuwa wameacha kuitengeneza HM-2 mwaka 1991, wameirudisha sokoni.