Kalamu Bila Mfuko: Serikali na Gharama za Matibabu katika Ituri

Marabo ni kijiji kilicho kwenye barabara itokayo Bunia kuelekea Komanda, katika wilaya ya Irumu. Kilomita chache kutoka hapo iko Nyankunde, ambako hospitali yake imejulikana kwa muda mrefu mashariki mwa Kongo. Mgonjwa wa Marabo akipelekwa huko au Bunia, jamaa zake hukabiliwa na swali moja: ni nani aliyepanga bei watakayotozwa, na ni nani aikaguaye? Historia yaonyesha kuwa mara nyingi Serikali ilishika kalamu bila kushika mfuko.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, tiba iligawanywa baina ya Serikali, misheni na makampuni. Serikali iliwapa wamisionari ruzuku, na kwa ruzuku hiyo ikapata nguvu ya kuwakagua. Ukaguzi, basi, ulifuata fedha. Baada ya uhuru wa 1960 na maasi ya 1964, mpango huo ulivunjika. Hospitali ya Nyankunde yenyewe ilianzishwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti.

Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulileta fikra mpya. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika kanda 306 za afya, kila moja ikiwa na zahanati zake, hospitali kuu na mganga mkuu wa kanda. Hospitali nyingi za makanisa zilipewa hadhi ya hospitali kuu, yaani kazi ya umma ilitiwa mikononi mwa taasisi zisizo za Serikali. Lakini Serikali haikuleta fedha za kutosha, na mzigo ukamwangukia mgonjwa. Huko Bwamanda, katika jimbo la Équateur la wakati huo, mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa wananchi kulipa mchango mapema ili wasaidiwe walazwapo. Mipango ya namna hiyo ilibaki michache.

Uporaji wa 1991 na 1993, pamoja na kuondoka kwa wafadhili, ulizidisha dhiki. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo lina uzito kuliko yote: ofisi za kanda, zilizopaswa kukagua bei, ziliishi kwa sehemu ya ada iliyotoka zahanati na hospitali. Wahenga walinena kwamba mwamba ngozi huvutia kwake. Mkaguzi alaye kutokana na ada hana sababu ya kuipunguza. Matokeo yake yanajulikana kote nchini: mgonjwa aliyepona, au mama aliyejifungua, huzuiliwa hospitalini mpaka jamaa wauze mbuzi au shamba.

Vita viliondoa hata usimamizi huo dhaifu. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Katika siku zilizofuata watu zaidi ya 1,000 waliuawa, wakiwemo wagonjwa vitandani, na hospitali ikaporwa. Wafanyakazi walionusurika walikimbilia upande wa Oicha na Beni. Miaka mingi baadaye, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, matibabu yalitolewa bure katika kanda zilizokumbwa, na zahanati zikajaa watu. Fedha za dharura zilipokoma, ada zilirudi.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 47, inatambua haki ya afya. Sheria ya 2017 iliweka kanuni za vyama vya kusaidiana, na ile ya Desemba 2018 ikaweka misingi ya afya ya umma. Kisha zikaundwa asasi mbili: mfuko wa mshikamano unaolipa, na mamlaka inayodhibiti na kukagua. Tarehe 5 Septemba 2023, miaka 21 kamili tangu shambulio la Nyankunde, mpango wa uzazi bila malipo ulizinduliwa Kinshasa.

Upya wa mpango huu uko katika kumtenga alipaye na akaguaye. Neno "kusimamia" limetokana na "kusimama": asimamiaye sharti awe na miguu yake mwenyewe. Mamlaka hiyo itapimwa huko Marabo, siku mama atakapojifungua na kurudi nyumbani bila jamaa zake kuuza kitu.