Mizani Kumi na Sita

Sisi tuliozaliwa Munanila, katika milima ya Kigoma inayopakana na Burundi, hatukunyonya Kiswahili kwa mama. Nyumbani tulisema Kiha. Kiswahili kililetwa na walimu na wahubiri, na zaidi ya hao kililetwa na manamba. Baba zetu walikwenda Tanga kukata mkonge, wakarudi na blanketi, na baiskeli kwa aliyebahatika, na lugha. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Hakujua kusoma, lakini jioni kando ya moto alituimbia mashairi aliyoyasikia kambini. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nilichokisikia ni kwamba sauti ilianguka mahali pale pale kila mara, kama mchi wa mtu anayejua kutwanga.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kile nilichokisikia kina majina, na kwamba majina hayo huulizwa katika mtihani. Napenda kumsimulia msomaji jinsi tulivyoyapata, kwa sababu mimi nimekuwa mwanafunzi wa majina hayo, kisha mwalimu wake, na katika ualimu huo nilitenda kosa moja ambalo halijanitoka moyoni.

Niliingia shule ya sekondari mwaka 1965. Wakati ule mtihani wa mwisho ulitoka Cambridge, Uingereza, na Kiswahili kilikuwa somo mojawapo. Mwalimu wetu alikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Hatukuruhusiwa kukishika. Yeye alisoma na kuandika ubaoni, nasi tukanakili: mshororo ni mstari mmoja wa shairi, ubeti ni fungu la mishororo, mishororo miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa. Kina ni silabi ya namna moja inayorudi mahali pake, katikati na mwisho. Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo, na katika shairi la kawaida ni 16, nane upande huu na nane upande ule. Utenzi una mizani nane tu. Shairi likikosa vina au mizani huitwa guni.

Kwa mtoto wa pwani pengine hayo yalikuwa kumweleza samaki habari za maji. Kwetu yalikuwa kazi. Tulihesabu kwa vidole, na vidole vilitudanganya. Neno "mtu" lina mizani mbili, m na tu. Sisi tulihesabu moja, maana masikio yetu yalizoea "umuntu" wa Kiha, ambamo kila konsonanti ina irabu yake, na ile "m" iliyosimama peke yake hatukuihesabu kuwa kitu. Tena Kiha chetu hakitenganishi "r" na "l" kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mwanafunzi aliweza kuweka "kula" hapa na "kura" pale akaamini kwamba vina vyake vimetimia. Mwalimu alipopiga mstari mwekundu, mtoto wa watu alibaki ameduwaa.

Ili msomaji aone nasema nini, hapa naweka ubeti nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya darasa:

Kuna ukungu wafuka, asubuhi mlimani,
Jembe begani naweka, naelekea shambani,
Kahawa yangu yacheka, nyekundu huko tawini,
Mkulima hajachoka, mavuno yako njiani.

Si ubeti wa kusifiwa, ila umetimiza sheria. Ni tarbia. Kina cha kati ni "ka" na cha mwisho ni "ni". Hesabu "asubuhi mlimani", na usiisahau ile "m", utapata nane. Kahawa kucheka ni tashihisi, yaani kukipa kitu tabia ya mtu. Ningalisema imeiva kama damu, hiyo ingekuwa tashibiha, kwa sababu ya neno "kama". Ningaliiita kahawa damu ya mkulima bila kutumia "kama", hiyo ingekuwa sitiari. Mwanafunzi akiyajua hayo amekwisha kupata alama kadhaa mkononi.

Siku moja mwalimu alitueleza kwamba mwandishi wa kitabu kile, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Darasa likanyamaza. Sisi tulidhani sheria zile zimetoka Lamu au Mombasa, nasi tulikuwa na haki kudhani hivyo. Utenzi wa Herekali uliandikwa Pate mwaka 1728, na Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19. Kumbe aliyeziweka sheria katika kitabu ili kila mtu azisome ni mtu wa mkoa wetu, mtoto wa mji ule wa ziwani ambako wazee wetu walipeleka chumvi na mazao! Mtu huyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964, mwaka mmoja tu kabla sisi hatujaanza kunakili maneno yake.

Nimelifikiri sana jambo hilo katika uzee wangu. Ufundi unaokaa katika masikio ya watu wa mji mmoja huupati ila uzaliwe katika mji huo. Ukiandikwa sheria, hata mtoto wa manamba aweza kuukaa chini akaujifunza kwa vidole vyake kumi. Ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaosema kwamba vina na mizani vilikuwa minyororo tu. Kwetu vilikuwa mlango. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliingia kwa mlango huo huo, akaeneza ngonjera zilizosemwa na watoto wa shule nchi nzima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Lakini mlango nao waweza kufungwa, na mfungaji akawa yule yule aliyefunguliwa.

Nilitoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha sekondari mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1973 nchi yetu ilipata Baraza lake la Mitihani. Mwaka uliofuata kikatoka Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambamo mlikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1976 ikatoka Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi, na jina lake peke yake lilikuwa tangazo. Ugomvi ukawaka. Upande mmoja ulisema kwamba shairi bila vina na mizani si shairi la Kiswahili, bali ni nathari iliyokatwakatwa. Upande wa pili ulisema kwamba uhai wa shairi umo katika wazo, hisia na picha, na kwamba vina na mizani ni namna moja tu ya kulivika. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, tena kwa ukali. Niliyapata yale mambo kwa jasho. Nilimwonea kijicho mtu aliyetaka kuyaruka.

Basi mwaka 1977 nilitunga mtihani wa majaribio kwa kidato cha nne. Swali la kwanza lilikuwa: taja na ueleze tamathali tano za usemi. Swali la pili lilikuwa: tunga shairi la beti tatu juu ya kazi. Kijana mmoja kutoka vijiji vya milimani kwetu alijibu swali la kwanza vizuri, kama nilivyomfundisha. Kwa tashihisi aliandika mfano wangu, jua linacheka. Katika swali la pili aliandika mistari mifupi isiyo na kina hata kimoja, juu ya mama yake aliyepanda kilima kila siku na maji kichwani. Ulikuwamo mstari uliosema kwamba kilima kimemnyonya mama mpaka kifuani pamebaki ngozi.

Niliandika "GUNI" kwa wino mwekundu, na sifuri kando yake.

Nilipogawa karatasi hakuuliza neno. Aliikunja ndogo, akaiweka mfukoni. Katika mtihani wa kweli alifaulu somo langu vizuri. Alikuwa amekariri namna ya kutunga beti za kusifu kilimo zenye vina kamili, za aina ile ambayo mwalimu husahihisha huku akifikiria chakula cha mchana. Nilijivunia matokeo yake.

Mwaka 1979 kilitoka kitabu cha Mulokozi na Kahigi kiitwacho Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, nami nilikinunua kwa nia ya kukipinga. Nilikisoma usiku mmoja kwa taa ya kandili. Katikati ya kusoma mstari ule wa kilima ulinijia, nikaweka kitabu chini. Mama ndiye hunyonyesha. Kijana yule alikigeuza kilima kuwa mtoto asiyeshiba, na mama akawa chakula chake. Tamathali niliyomtaka aieleze katika swali la kwanza alikuwa ameiumba mwenyewe katika swali la pili, tena kwa maisha ya nyumbani kwao. Mimi niliyekulia katika milima hiyo hiyo, na mama yangu aliteka maji hivyo hivyo, sikuiona. Nilikuwa nikihesabu silabi.

Tangu hapo nilibadili mpango wa somo langu. Sikuacha sheria, mpaka nastaafu nikiwa mkuu wa shule, wanafunzi wangu walihesabu mizani, na waliojaribu kuiruka ile "m" niliwakamata. Ila nilianza na swali lingine: nini kimefananishwa na nini hapa, na kwa nini? Niliwaambia walete vitendawili vya bibi zao vya Kiha, tukavichambua ubaoni kabla hatujagusa diwani yoyote. Waligundua kwamba sitiari waliijua tangu utotoni na kwamba walichokosa ni jina lake tu. Baada ya hapo majina yalishika upesi, na alama hazikupungua. Walimu vijana waliokuja baadaye, wa siku za Wasakatonge na Malenga Wapya, niliwashauri vivyo hivyo.

Mtihani hupima kinachopimika, nao hauna hatia kwa hilo. Mizani huhesabika, kina huonekana kwa jicho, na aina za tamathali huweza kuorodheshwa. Mstari uliotoka katika kifua cha mtu hauna safu yake katika karatasi ya kusahihishia. Safu hiyo anayo mwalimu, nayo haijazwi ila kwa kusoma polepole.

Munanila ya leo iko katika Wilaya ya Buhigwe, iliyogawanywa kutoka Kasulu mwaka 2012. Kilima ni kile kile. Kijana yule sasa naye ni mtu mzima mwenye mvi, kama Mungu amemjalia uhai, na sikupata kuonana naye tena. Akisoma ukurasa huu atajijua, maana mstari ule ni wake. Namwomba radhi. Swali la pili lilikuwa na alama 20, nami nazihesabu kuwa deni langu kwake.