Faranga Moja kwa Mwaka: Kalemie na Mlango Wake wa Mashariki

Tangu mwaka 2022, Angola ilipoyapa makampuni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis haki ya kuendesha reli ya Lobito kwa muda wa miaka 30, limezuka tena dai la zamani: kwamba njia ya asili ya mali ya Kongo ni ile inayoelekea bahari ya Atlantiki. Dai hilo husemwa kana kwamba milima na mito yenyewe ndiyo iliyoamua. Mtu aliyesimama kwenye gati ya Kalemie, mgongo kwa Kongo na uso kwa ziwa Tanganyika, analisikia kwa mshangao. Mbele yake, kiasi cha kilomita 130 juu ya maji, ipo Kigoma, na kutoka Kigoma reli ya kilomita 1,252 inateremka hadi Dar es Salaam.

Kalemie haikuwahi kuwa na njia ya asili. Imekuwa na njia zilizofunguliwa na kufungwa kwa mikataba, kwa viwango vya nauli na kwa upana wa vyuma vya reli. Mkataba uliouunganisha mji huu na Bahari ya Hindi kwa miaka arobaini hautajwi mara nyingi. Uliwekwa sahihi London tarehe 15 Machi 1921, baina ya Uingereza na Ubelgiji.

Ya kabla yake yanajulikana. Misafara kutoka pwani ilifika Ujiji, ikavuka ziwa kwa mitumbwi na majahazi hadi Mtoa, kaskazini kidogo ya mdomo wa mto Lukuga, kisha ikashika njia ya Kasongo na Nyangwe. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia hiyohiyo, na pamoja nazo watu waliotiwa utumwani. Nyuma ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikuwako tajiri wa Kihindi wa Unguja, Tharia Topan, aliyemkopesha mtaji na bidhaa. Kiswahili kinachosemwa leo katika soko la Kalemie kilikuja kwa barabara hiyo ya deni na maumivu. Kapteni Jacques, Mbelgiji, alipoweka kituo chake cha kijeshi mwaka 1891, kilichokuja kuitwa Albertville, Kalemie ya leo, alikuta kivuko chenye uzoefu wa miongo mingi. Vitabu vinavyoanza historia ya mji na mwaka huo vinaifunga hesabu mapema mno.

Kisha ikaja reli. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na Édouard Empain, bepari wa Kibelgiji mwenye mkono pia katika metro ya Paris, ilipewa masharti ambayo mfanyabiashara yeyote angeyapokea kwa mikono miwili: dola ilimdhaminia riba ya asilimia 4 juu ya mtaji, ikaongeza haki juu ya hekta milioni nne za ardhi. Reli yake kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, kilomita 273. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuifikisha yao Kigoma mwaka 1914. Reli zote mbili zilikuwa na upana uleule wa mita moja. Jambo hilo tutalirudia.

Fikiria basi mzigo uliokuwa Albertville katika miaka ya 1920, ukitafuta bahari. Ukielekea magharibi ndani ya koloni la Ubelgiji tu, ulipanda treni hadi Kabalo, ukashushwa na kutiwa kwenye boti ya Lualaba hadi Kongolo, ukapandishwa treni hadi Kindu, boti tena hadi Ponthierville, treni hadi Stanleyville, boti hadi Léopoldville, na mwisho treni hadi Matadi. Mara sita umeshushwa na kupakiwa upya, na kila mara kuna kuli wa kulipwa, bohari ya kukodi, na gunia la kupasuka au kuibwa. Ukielekea mashariki, ulipakiwa melini, ukashushwa Kigoma, ukapanda treni, na stesheni iliyofuata yenye maana ilikuwa Dar es Salaam. Mara moja tu.

Ubelgiji iliijua hesabu hiyo. Ndiyo maana Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Pierre Orts wa Ubelgiji alipokaa na Lord Milner wa Uingereza mwaka 1919 kugawana Afrika Mashariki ya Kijerumani, Wabelgiji walidai Ruanda na Urundi, na pamoja nazo wakadai njia ya kufika baharini. Walikuwa na la kudai. Jeshi la Kongo liliingia Kigoma mwezi Julai 1916 na Tabora mwezi Septemba. Lakini askari hao walikula na kupigana kwa sababu kulikuwa na watu wa kubeba. Wanahistoria hukadiria kwamba Ubelgiji iliwatumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita hivyo, wengi wao wakichukuliwa vijijini kwa nguvu. Mkataba wa 1921 ulilipiwa kwa mabega yao kabla haujaandikwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa upande wowote wa meza.

Maandishi ya mkataba ni makavu, na ukavu huo ndio unaoyafanya yastahili kusomwa kwa makini. Bidhaa zinazotoka au kwenda Kongo, Ruanda na Urundi zilipewa uhuru wa kupita katika Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha. Ubelgiji ilipewa viwanja viwili, kimoja Kigoma na kingine bandarini Dar es Salaam, ijenge bohari na gati na kuviendesha kwa mawakala wake. Viwanja hivyo, vilivyokuja kuitwa Belbase, vilipangishwa milele. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka.

Wapo wanaousifu mkataba huo kuwa ndio uliomletea mtu wa Kalemie bahari. Hoja yao haina uzito wa kusimama. Anayepangisha kitu milele sharti awe na umilele wa kutoa, na Uingereza hakuwa nao. Udhamini wake juu ya Tanganyika ulithibitishwa na Baraza la Shirikisho la Mataifa tarehe 20 Julai 1922, zaidi ya mwaka mmoja baada ya sahihi ya London. Hata ulipothibitishwa, udhamini ni amana, na mwenye amana hapangishi mali ya mwenyewe milele.

Wanastahili kusikilizwa zaidi wale wanaosema kwamba, pamoja na dhuluma yake, mkataba ulifanya kazi. Ulifanya. Katika miaka ya 1920 sehemu ya shaba ya Katanga iliteremka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, ikapanda treni ya CFL, ikavuka kwenda Kigoma na kuondokea Dar es Salaam. Mkataba wa Berlin wa 1885, uliorekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, ulikataza Kongo kuzipendelea bidhaa za Kibelgiji kwa ushuru wa forodha, na eneo lake la biashara huria lilienea hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mji huu mdogo wa ziwani ulikuwa mahali ambapo mataifa mengi yangeweza kununua na kuuza kwa masharti sawa. Kwa makarani, mabaharia na makuli wa Albertville, huo ulikuwa ujira wa kila mwezi.

Aliyeiziba njia hiyo mara ya kwanza alikuwa Ubelgiji mwenyewe.

Mwaka 1928 kampuni ya BCK ilimaliza reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kilomita 1,123. Ikapewa jina la njia ya taifa. Mzigo uliopita humo ulitoka Katanga hadi Matadi bila kukanyaga ardhi ya mgeni, na kila faranga ya nauli ilibaki katika mifuko ya makampuni ya Kibelgiji. Mwaka 1931 reli ya Benguela nayo ikaunganishwa na Katanga, na Lobito ikawa bandari iliyo karibu zaidi kwa shaba. Basi ni jiografia gani iliyoamua? Kama jiografia ndiyo mwamuzi, Lobito ingemeza kila kitu tangu siku hiyo. Haikumeza, kwa sababu serikali ya koloni na makampuni yaliyoshikana nayo yalitumia nauli za reli kufanya kile ambacho Berlin iliwakataza kufanya kwa forodha. Shaba ilipelekwa ilikoelekezwa na bei. Kalemie ikaachiwa mizigo ya jirani: mali ya Kivu na Maniema, na baadaye vitambaa vya kiwanda cha Filtisaf na saruji ya Kabimba.

Kisha likaja jambo la vyuma, ambalo historia nyingi hulipita katika tanbihi. Mwaka 1955 reli ya CFL ilipanuliwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067 ili ioane na ile ya Katanga, na mwaka 1956 kipande cha Kabalo hadi Kamina kikazishikanisha mbili hizo. Kwa mhandisi ilikuwa kazi ya busara: behewa la Kalemie sasa liliweza kufika Lubumbashi bila kushushwa mzigo. Lakini kwa miaka arobaini, reli za pande mbili za ziwa zilikuwa na upana mmoja, na kivuko cha kubebea mabehewa kingetosha kuzifanya reli moja kutoka Kabalo hadi Dar es Salaam. Kivuko hicho hakikujengwa katika miaka yote hiyo. Upanuzi wa 1955 uliufunga mlango huo kwa milimita 67. Uamuzi huu uliiumiza Kalemie kuliko mengi yanayosimuliwa, na haukuhitaji hata risasi moja.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliliambia Bunge la Tanganyika msimamo wake juu ya mikataba iliyorithiwa, na Belbase ilikuwa mfano wake mkubwa. Alieleza kwamba upangishaji wa milele wa ardhi ya Tanganyika, uliotolewa na mtawala ambaye haki zake zenyewe zilikuwa na mwisho, hauwezi kukaa pamoja na mamlaka ya nchi huru. Wanasheria wa kimataifa bado wanaufundisha msimamo huo kwa jina lake. Upande wa Kongo wapo waliousoma kama mlango kufungwa usoni mwao, na uchungu wao unaeleweka: nchi yao ilikuwa katika moto wa kujitenga kwa Katanga, nao wakaona hata ule upenyo wa baharini unapotea. Hata hivyo alichokikataa Nyerere kilikuwa umilele na faranga moja. Mizigo ya jirani hakuikataa, na haikuacha kupita.

Miongo iliyofuata Kalemie iliipitisha kwa taabu: uasi wa 1964, reli iliyochakaa chini ya serikali ya Mobutu, vita vya 1996 na 1998. Ziwani biashara iliendelea kwa boti za mbao, zikibeba dagaa, mafuta ya mawese, sabuni na vitenge baina ya bandari zisizotokea katika takwimu yoyote.

Kinachofanana na mkataba wa 1921, ila kwa sura iliyonyooka, kilipatikana tarehe 2 Septemba 2006, Burundi, Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda zilipoweka sahihi makubaliano ya Ushoroba wa Kati, njia ya mizigo ya kufika Dar es Salaam. Safari hii wenye ziwa ndio waliokaa mezani. Mwezi Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi Desemba Tanzania ikatia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye upana wa milimita 1,435.

Ng'ambo ya pili, vyuma vya Kalemie ni vilevile vya 1955, milimita 1,067. Kontena litakalofika Kigoma kwa reli hiyo mpya litainuliwa likatiwa melini, livuke kilomita zilezile 130, kisha liinuliwe tena gatini Kalemie ndipo lipande behewa la kwenda Kabalo.