Gurudumu la kamyo ya mtoto: historia ya mpira Kasongo na Kabambare

Ukitaka kujua kama kamyo ya mtoto imetengenezwa vizuri, usitazame kabini. Kabini ni kopo la mafuta au mkebe wa sardini uliokatwa na kukunjwa, na mtoto mwenye kisu na jiwe la kugongea huipatia sura kwa muda mfupi. Tazama magurudumu. Je, ni ya mviringo kweli? Tundu liko katikati? Kamyo ikivutwa kwenye udongo inaenda sawa, au inayumba na kulala ubavu?

Watoto wa Kasongo, wa Kabambare na wa vijiji vilivyo kati yao wanajua kazi hii. Wanakata magurudumu kwenye mababushi kuukuu, zile kandambili zilizokatika mikanda. Wanatoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto, kisha wanapitisha spoki ya kinga au kipande cha waya kiwe ekseli. Fundi mdogo aliye hodari anaongeza ukanda wa shamberi juu ya gurudumu, ili lishike njia. Mwishoni anafunga waya mrefu wenye usukani juu, naye anaendesha akiwa amesimama.

Watu wazima wanauita mchezo. Lakini ule ukanda mwembamba wa mpira una historia ndefu, na sehemu yake chungu zaidi ilipita katika misitu ya Kongo.

Nchi iliyosafiri kwa miguu

Kabla ya mpira kulikuwa na miguu na mabega. Katika karne ya 19 Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenda Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kasongo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Njia hiyo ilileta vitambaa, shanga, bunduki na lugha ya Kiswahili. Iliondoka na pembe za ndovu, na pia na watu waliofungwa minyororo.

Mizigo yote hiyo ilibebwa na wapagazi. Ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na gari la kukokotwa halikuwa na njia ya kupita. Stanley alipofika Maniema mwaka 1876 alikuwa na mashua yake, Lady Alice, lakini ilikuja vipande vipande, kila kipande mabegani mwa watu. Chombo hicho cha majini kilivuka nchi kavu bila gurudumu hata moja.

Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yalitwaa Nyangwe mwezi wa 3 na Kasongo mwezi wa 4. Bwana mpya naye alitaka pembe. Lakini wakati huohuo, mbali sana, kulikuwa kumetokea jambo dogo lililobadilisha mahitaji ya dunia.

Kinga ya mtoto wa Belfast

Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alikuwa akiishi Belfast, Ireland. Mtoto wake alikuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu, nayo ilimrusharusha kwenye mawe ya barabara. Dunlop alifunga bomba la mpira kuzunguka gurudumu, akalijaza upepo. Kinga ikaenda laini na kwa mwendo zaidi. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa na wazo hilo tangu miaka ya 1840, lakini wakati wake kinga zilikuwa bado hazijaenea, na wazo likalala. La Dunlop halikulala. Kinga zilienea Ulaya na Marekani, na mwaka 1895 ndugu wawili Michelin wa Ufaransa waliingiza gari lenye mipira ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux.

Kwa hiyo mpira wa upepo tunaouona leo kwenye kila kamyo ulianza baba alipotengeneza chombo cha kuchezea cha mtoto wake.

Viwanda vya mipira vilihitaji utomvu, na mashamba makubwa ya miti ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajakomaa. Misitu ya Kongo ilikuwa na mitambaazi ya Landolphia, inayotoa utomvu ikikatwa. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki nchi hii kama mali yake tangu 1885, aliona faida. Vijiji vilipangiwa kilo za mpira kama kodi. Walioshindwa kuzifikisha walipigwa viboko vya chikoti, wake zao walifungwa kama rehani, wengine waliuawa au walikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya Edmund Morel zilieneza habari hizo duniani, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1942 Japani ilipoteka mashamba ya mpira ya Asia, serikali ya Kongo ya Ubelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wanakijiji walirudishwa msituni kutafuta utomvu kwa ajili ya magari ya vita.

Kantonye na kamyo

Barabara za magari zililetwa na wakoloni, lakini zilichimbwa na kutunzwa kwa mikono ya wakaaji. Kila kijiji kilipewa sehemu yake. Kantonye alifyeka majani, alifungua mifereji ya maji na kujaza mashimo. Kilimo cha lazima cha pamba, kilichoanzishwa nchini mwaka 1917, kilifika Maniema mapema, na kamyo zilikuja kuchukua pamba na mchele kwenda kwenye reli na mto. Kazi ilikuwa ya kulazimishwa, lakini ilifundisha jambo ambalo wazee hawakulisahau: barabara haifi kwa uzito wa kamyo peke yake, inauawa na maji yasiyotolewa njiani.

Baada ya uhuru kazi ya kantonye ilififia, na vita vilivyoanza 1996 vilimaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Kamyo zikawa adimu. Kinga ndiyo ikawa kamyo ya watu. Tolekista walisukuma mafuta ya mawese, chumvi na mchele kwa siku nyingi, mzigo ukifungwa kwa mikanda ya shamberi. Shamberi iliyochoka hutiwa viraka, na isipofaa tena kwa kinga hukatwa ikawa kamba. Mpira wa gari uliokwisha huwa viatu. Kipande kinachobaki ndicho anachookota mtoto.

Kamyo inayosikia redio

Kwingine duniani mchezo huohuo ulichukua njia nyingine. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, bila waya. Mwaka 1966 kampuni ya El-Gi ya Italia ilianza kuuza gari dogo la telekomande, mfano wa Ferrari. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la aina hiyo, na mwaka 1981 ikatoa Toyota Hilux ndogo yenye giya tatu, ndugu wa zile Hilux zinazojulikana kote Maniema. Mwaka 1987 ilikuja Clod Buster, kamyo yenye mota mbili na magurudumu makubwa sana.

Anayesikiliza redio anaweza kuelewa namna zinavyofanya kazi. Kituo kinatuma mawimbi, na redio ya nyumbani inayageuza kuwa sauti. Katika kamyo ya telekomande, kijisanduku cha mkononi kinatuma mawimbi, na kipokezi kilicho ndani ya kamyo kinayageuza kuwa mwendo: mota moja ndogo inageuza usukani, nyingine inazungusha magurudumu. Mtoto wa Kasongo anayetoa mota kwenye kichezeshi cha kanda kilichokufa, akaiunganisha na mapili mawili kwa waya, amefika nusu ya njia hiyo. Kinachokosekana ni kipokezi.

Wapenzi wa kamyo hizo, watu wazima wengi miongoni mwao, hutumia saa nyingi kuzitengeneza upya. Na wanachohangaikia kwanza ni mpira.

Mipira mingi ya kamyo ndogo haijazwi upepo. Ndani yake kuna sponji inayobeba uzito, na juu kuna ngozi ya mpira inayoshika njia. Ukingo unagundishwa kwenye rimu, au unabanwa kwa pete na skrubu ili mpira ubadilishwe bila kukata gundi. Mpira laini unashika mwamba na tope vizuri lakini unaisha upesi, na mgumu unadumu lakini unateleza. Rimu huwa na tundu dogo la kupumulia. Maji yakiingia hapo, sponji ya kawaida inayanywa, gurudumu linakuwa zito upande mmoja, na kamyo inaanza kutetemeka. Ndiyo maana wenye uzoefu hutafuta sponji ya vishimo vilivyofungwa, isiyonywa maji.

Hapo linaonekana jambo la kupendeza. Babushi la kawaida limetengenezwa kwa sponji ya namna hiyohiyo, isiyonywa maji. Mtoto anayekata gurudumu kwenye babushi na kulivisha ukanda wa shamberi amepata kitu kilekile: sponji ya kubeba, mpira wa kushika. Hakusoma popote. Amejaribu, kamyo ikaanguka, akajaribu tena.

Kutunza

Mambo ya kutunza ni yaleyale kwa kamyo ndogo na kubwa. Tope lioshwe kabla halijakauka, kwa sababu mchanga unasaga ekseli na beringi. Mpira usiachwe juani, maana jua linaukausha hadi upasuke. Mzigo uwekwe chini na katikati. Wenye telekomande hufunga vyuma vizito karibu na magurudumu ili kamyo isipinduke, na mtoto huweka jiwe chini ya kopo kwa sababu hiyohiyo. Dereva anayepunguza upepo ili mpira ushike tope lazima aurudishe akifika kwenye njia ngumu, la sivyo mpira utapata moto na kupasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipoziba pancha ndogo utanunua mpira.

Kwa wazazi kuna tahadhari mbili. Watoto wengine huchoma mipira ya gari ili wapate waya ulio ndani. Moshi wake ni sumu, usivutwe wala usipikiwe chakula. Na mahali palipopita mapigano, chuma kisichojulikana kisiguswe wala kisigongwe hata kama kinaonekana kizuri kwa kamyo. Mtoto akikiona, asikisogelee. Akaite mtu mzima, naye awajulishe wakubwa wa kijiji.

Kinachobaki mkononi

Familia inayokimbia usiku haibebi kamyo ya kopo. Hubeba watoto, sufuria, godoro kama inawezekana, na kinga kama ipo. Fundi wa kinga anaweza kupoteza pampu, funguo na kibanda chake kwa siku moja. Lakini bado anajua kusikiliza pancha ndani ya maji, kukwaruza shamberi kabla ya gundi, na kunyoosha rimu kwa kukaza spoki moja baada ya nyingine. Mtoto wake naye anajua kupata katikati ya duara bila kupima. Ujuzi huo hauporwi barabarani, lakini unaweza kupotea taratibu, kama mtoto anapewa kazi ya kungoja tu na mkubwa hana chombo cha kumfundishia.

Kwa hiyo mwenyeji aliyepokea wageni, akiwa na funguo mbili na kipande cha shamberi, ana cha kuwapa zaidi ya mahali pa kulala. Kijana akijifunza kwa fundi wa jirani jinsi ya kuziba pancha, amepata kazi ambayo barabara za Maniema haziachi kuihitaji.

Na kuna deni jingine kwa watoto hao. Wengi wanacheza na mpira bila kuambiwa mababu wa nchi hii walilipa nini kwa ajili yake. Waliozaliwa kabla ya 1942 wamebaki wachache sana, na waliosikia hadithi hizo kutoka kwao wanazeeka. Babu au bibi akimwona mjukuu anakata gurudumu, akae karibu naye amweleze utomvu ulitoka wapi, nani aliukata msituni, na nani aliyefungwa kilo zilipopungua. Kazi ya kukata gurudumu inachukua muda wa kutosha kusimulia yote hayo.