Ndege Imetua, Ndege Ametua

Mwezi Juni 1937, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kutumia ndege za majini katika safari zake za Afrika hadi Durban. Ndege hizo, za aina ya Short Empire, zilikuwa na injini nne, mabawa yenye upana wa mita 34 hivi, na tumbo lililoundwa kwa mfano wa mashua. Zilifuata Mto Naili, zikatua Ziwa Viktoria huko Port Bell na Kisumu, kisha zikashika pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea Msumbiji. Hazikuhitaji kiwanja, uwanja wao ulikuwa maji. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Catalina za jeshi la Uingereza nazo ziliwekwa Kipevu, Mombasa, zikilinda misafara ya meli na kuwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi.

Chombo cha namna hiyo kina maisha mawili: huruka kama ndege, huelea kama jahazi. Kiswahili kilikuwa tayari na maneno ya pande zote mbili. Upande wa bahari ulitoa neno rubani. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilimtaja mwongoza chombo, mtu ajuaye miamba na mikondo. Leo wengi hawamjui rubani ila yule wa angani.

Upande wa anga ulitoa neno ndege. Zamani wapo walioliambatishia asili ya kitu, wakasema ndege ulaya, kama tusemavyo viazi ulaya. Viazi vingali na ulaya wao vinywani mwa wengi. Ndege imekwisha kuuvua wake. Eropleni nayo ilisikika, lakini ikaachwa nyuma.

Lenye uzito zaidi limo katika sarufi. Ndege mwenye manyoya ametua. Ndege ya chuma imetua. Wale wameruka, hizi zimeruka. Lugha ilikiazima chombo jina la kiumbe, ila haikukipa uhai wake. Tena ipo maana ya tatu, kongwe: ndege kwa maana ya ishara, njema au mbaya, ambayo msafiri aliitazamia kabla ya kushika njia. Neno moja, basi, limebeba kiumbe, chombo na bahati.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kuzungumzia mitambo bila kukopa kila jina. Kukopa si aibu. Injini ni ya mkopo, na rubani mwenyewe alikuja kwa njia hiyo. Lakini kabla ya kubisha hodi kwa jirani, yafaa tufungue ghala letu. Huenda jina tunalolitafuta limo humo, linangoja kazi mpya.

Kwa watunzi lipo funzo la karibu zaidi. Ametua na imetua zina mizani minne kila moja. Huyu na hii, miwili miwili. Hivyo hesabu ya mizani haiwezi kuwa udhuru wa kuvuruga upatanisho. Mshairi anayeandika kwamba ndege ya vita ametua juu ya mji amekitia chombo roho na nia. Ana ruhusa hiyo, mradi awe amekusudia.